Fundi Sikio na Nguzo ya Tisa

Ndugu waombolezaji, familia inawaomba radhi kwa kuwakalisha juani ilhali ukumbi wa kiwanda uko wazi hapo nyuma yenu, lakini marehemu aligonga nguzo zake mwezi Machi, akatuusia historia yake isisomwe humo ndani.

Kaka yangu, ambaye wengi mlimwita Fundi Sikio, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa tatu wa mwashi na mshonaji, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwetu hadi mwaka 1972, akafundishwa uashi na baba, na tarehe 4 Februari 1981 akaajiriwa kujenga kiwanda cha mbolea, asiondoke tena mpaka alipostaafu mwaka 2018.

Mwaka huohuo wa 1981, siku ya kumwaga zege la nguzo ya tisa, chini ya tangi la tindikali, vitofali vya kutenganisha nondo na mbao viliisha, msimamizi akahimiza, na marehemu akakubali nondo zilale ukingoni, jambo alilowasimulia wanawe bila kujitetea, akisema mvuke wa tindikali hauna haraka, utazifikia tu, na kutu ikivimba ndani hulipasua zege.

Tangu hapo aliigonga kila Jumatatu kwa nyundo yake ndogo, maana zege zima hulia kwa ukali, lenye kutu huitika kama debe tupu. Hata alipokwenda kuposa aligonga kwanza ukuta, mkwewe akauliza amekuja kuoa binti au nyumba. Ndoa ilifungwa tarehe 14 Septemba 1985, wakajaliwa watoto wawili, na kifungua mimba wao, binti, ndiye fundi wa pampu zilizo chini ya nguzo hiyohiyo.

Mwaka 2016 nguzo ikaanza kuitika vibaya, akaandika barua tatu, ofisi ikaleta plasta na rangi, naye akalia mbele yetu. Kifua kilimwanza Januari mwaka huu, akalazwa tarehe 2 Mei, akafariki alfajiri ya tarehe 11, akiwa ameshika mkono wa bintiye na kumwuliza nguzo inasemaje.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta viti, na wafanyakazi wenzake, ambao wengi wenu mnatazamiwa kuingia zamu ya saa nane mchana huu. Bintiye aliigonga jana kwa nyundo ya baba yake, leo amesema haingii, na anawaomba nanyi msiingie.

Pumzika kwa amani, kaka, tumesikia.