Namba ya Mwenyekiti kwenye Kila Ukurasa

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyabiashara Mzee Obare, Pasta Elkana, mama zetu wa soko la Migori, wenzetu wa Ndhiwa na ninyi mliovuka maji kutoka Remba, ndugu wageni waalikwa, hamjambo? Mimi ndiye Phanice, niliyewatengenezea tovuti ya biashara zenu, na leo mnaniaga. Nimeombwa niseme mazuri tu. Nitajaribu.

Tovuti yenyewe ni rahisi. Kuna kiolezo, yaani umbo moja la ukurasa linalotumiwa na kila biashara. Halafu kuna taarifa za kila mtu, jina, bidhaa na simu, ambazo huingia humo zenyewe. Ni kama sare ya kwaya: mshono ni mmoja, waimbaji ni wengi. Sasa jamani, nani alisema namba ya Mwenyekiti ishonwe kwenye sare?

Nilikataa. Nikaambiwa, "Phanice, wewe ni mtoto. Mzee lazima akae juu." Wanakamati mkapiga makofi. Basi ikawekwa kwenye kiolezo, palepale pa simu, na namba zenu zote zikafunikwa. Anayetafuta fundi wa pikipiki hapa Migori anampata Mzee Obare. Anayetafuta mbegu Ndhiwa, Mzee Obare! Naye, kwa ukarimu wake, hupokea kila simu na kusema, "Niko mkutanoni, andika barua."

Wakati huo dada yetu Lynnet yuko Remba, mvua inanyesha, magunia ya omena, dagaa wetu wa ziwani, yamejaa mpaka mlangoni, ananiuliza, "Phanice, hii kitu yako inafanya kweli? Mbona hakuna mtu anapiga? Nikikosa wanunuzi tena, mimi nafunga." Ningemjibu nini? Kwamba wamempigia Mzee mpaka wakachoka? Iliniuma, na bado inaniuma.

Mwenyekiti, wewe ni kama baba yangu, nakuheshimu sana. Lakini asubuhi hii, kabla sijarudisha funguo za ofisi, nimeitoa namba yako kwenye kiolezo. Umebaki na ukurasa wako, kama kila mtu. Tafadhali, msiirudishe.

Nawashukuru kwa leso hii nzuri, na kwa... Simu ya nani hiyo inalia huko nyuma? Lynnet? Usizime, dada! Toka nje upokee, sisi tutakungoja.

Nami nimemaliza. Asanteni kwa kunivumilia.