Ndoana Mia Tisa za Bwana Sosthenes Margwe

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Bwana Sosthenes Margwe, ambaye hapa Babati tunamwita Baba Noela, anafunga miaka thelathini na mmoja ya kazi ya uvuvi serikalini. Ninayeandika ni Yoakimu, mpiga kasia wa mtumbwi wa ofisi. Kamati ya sherehe ilianza kwa kumwomba afisa mmoja msomi aandike wasifu huu. Akaandika ukurasa mzima wa "weledi" na "uadilifu" mpaka mstaafu mwenyewe akauliza huyo anayesifiwa ni nani. Ndipo kazi ikaletwa kwangu, mtu wa darasa la nne, kwa sababu nimekaa naye sana mtumbwini na najua mengi ambayo angependa nisiyaandike.

Alizaliwa huko juu Mbulu, mahali ambapo maji mengi kuliko yote aliyoyaona utotoni ni yale ya kunyweshea ng'ombe. Kuogelea hajui mpaka leo. Mwaka juzi alianguka ziwani hatua tatu kutoka ukingoni, tukamwokoa kwa kumwambia asimame. Mtu huyo huyo ndiye aliyepelekwa baharini mwaka 2011 awe mwangalizi wa uvuvi, akae ndani ya meli za kigeni miezi miwili mitatu akihesabu jodari. Meli ya kwanza aliipanda na mfuko wa unga wa dona, kilo ishirini na tano. Safari ilipokwisha, unga ulikuwa umekwisha pia, na mabaharia wa watu walikuwa wanagombania ukoko.

Kwa wale wasioijua kazi hiyo, nitaieleza kama alivyonieleza yeye, mara nyingi kuliko nilivyouliza. Jodari ni samaki asiye na kwao. Leo yuko kwetu, mwezi ujao yuko kwa jirani, na hakuna balozi wa nyumba kumi anayeweza kumwandikisha. Kilichobaki ni kukaa ndani ya meli inayomvua na kuandika kila siku: zimetupwa ndoana ngapi, wamepatikana samaki wangapi. Ukijua wanapatikana wangapi kwa kila ndoana elfu moja, mwaka hadi mwaka, utajua kama wanapungua. Wakubwa nao wakishajua, ndipo wanaamua meli ngapi ziruhusiwe kuvua. Yaani mambo yote hayo yanamtegemea mtu mmoja mwenye daftari, mradi awe macho.

Sasa tufike pale ambapo hakuwa macho.

Ilikuwa safari ya mwaka 2013. Siku ya kwanza alisimama karibu na mabaharia wakati wanatupa kamba yao ndefu baharini, akahesabu kati ya boya na boya: ndoana kumi na mbili. Nafasi za maboya zilikuwa mia moja na hamsini. Akazidisha, akapata ndoana elfu moja na mia nane, akaandika. Lakini kamba hutupwa alfajiri, na kuivuta huchukua mchana kutwa. Wakati wa kuvuta yeye huwa ameinama juu ya samaki, anawapima urefu na kuwaandika, hana nafasi ya kutazama ndoana tupu. Basi kuanzia siku ya pili mwenzetu akaona alfajiri Mungu aliiumba kwa ajili ya usingizi. Aliamka kamba iko majini tayari, akahesabu maboya, akazidisha kwa kumi na mbili, akasubiri samaki. Hivyo hivyo, siku arobaini.

Wastani wake ukawa samaki ishirini na saba kwa siku, maana yake kumi na watano kwa kila ndoana elfu. Mwaka uliotangulia walikuwa kumi na mmoja. Ripoti ile ikapokelewa kama mtoto wa kwanza: jodari wameongezeka, meli zaidi zinaweza kuja. Mkuu wa kitengo cha waangalizi, Bi. Shadya, akampigia simu kwamba jina lake limepelekwa ili awe Mwangalizi Mkuu, na barua ingetoka mwisho wa mwezi. Yeye akaja likizo Babati. Mkewe Vailet, Mama Noela wetu, akawaambia wanakwaya wenzake, ambayo ni sawa na kutangaza redioni.

Likizo ilimchosha siku ya tatu. Akaomba twende wote ziwani nikatege kambare. Kamba yangu kwa kawaida ilikuwa na ndoana sitini, na chambo changu ni sabuni ya mche, kipande kimoja kwa kila ndoana. Kambare wa Babati ni wapenda usafi. Mche mmoja hutosha kamba nzima. Siku ile sabuni ikaisha, kamba bado. Akaniuliza kama nimeifulia. Nikamwambia, "Sabuni haina kosa, Baba Noela. Juzi niliongeza ndoana thelathini. Chambo kikiisha mapema, ujue ndoana zimezidi."

Akatoa macho. Nilidhani ameona kiboko nyuma yangu. Nikageuka, hakuna kiboko. Akaniambia nimrudishe nchi kavu sasa hivi, na kambare wa siku ile wakabaki na sabuni yangu bure.

Nyumbani kwake Maisaka alitoa daftari la safari chini ya kitanda. Mbali na samaki, mwangalizi hutakiwa kuandika pia takataka za meli, na yeye alikuwa ameziandika vizuri sana bila kuzisoma. Katoni tupu za chambo: siku tatu za mwanzo, ishirini kwa siku. Kuanzia siku ya nne, thelathini, na thelathini hivyo hivyo mpaka mwisho. Mabaharia walikuwa wameongeza ndoana, kumi na nane kati ya boya na boya. Hawakumficha. Hakuuliza, nao hawakuwa na sababu ya kumwamsha. Ndoana mia tisa zaidi kila siku, na ripoti haikuwa na hata moja. Alipopiga hesabu upya, samaki wakawa kumi kwa elfu. Jodari walikuwa wamepungua.

Mimi nilikuwepo, maana nilimfuata kudai fidia ya sabuni. Ilikuwa wazi kwetu sote kwamba hakuna mtu mwingine aliyelinganisha katoni na ndoana, na hakuna ambaye angelinganisha. Akikaa kimya, ni Mwangalizi Mkuu. Akisema, cheo kimekwenda, na pengine kazi yenyewe. Mimi, kama rafiki mwema, nilimshauri akae kimya. Naliandika hili ili mjue ushauri wangu una thamani gani. Mama Noela aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli meli zitaongezwa kwa sababu ya hesabu ile. Akajibiwa ni kweli.

"Basi panda basi kesho," akamwambia mumewe. "Wanakwaya nitawaambia mwenyewe."

Akapanda. Aliyoyasema kwa Bi. Shadya tunayajua kwa sababu aliyaandika kwenye barua, na nakala anayo: "Jodari hawakuongezeka. Ndoana ndizo zilizoongezeka, na mimi nilikuwa nimelala." Siku ile hakukaribishwa chai. Bi. Shadya aliifuta ripoti, akaliondoa jina lake kwenye orodha ya vyeo, akamrudisha melini kama mwangalizi wa kawaida, na amri ya kuwa juu ya sitaha kila kamba inapotupwa. Fomu za waangalizi nazo zikaongezewa safu ya katoni za chambo. Mpaka leo wanaojifunza kazi ile husimuliwa kisa hiki, ila jina la mhusika halitajwi. Sasa nimelitaja.

Miaka mitatu baadaye ripoti zake zilionyesha jodari wanazidi kupungua. Wawakilishi wa wenye meli wakaja juu, wakasema mwangalizi huyu ana chuki nao na namba katunga. Bi. Shadya hakubishana. Akaiweka ile barua mezani, akawaambia, "Huyu alijishtaki kwa kosa ambalo hakuna aliyeliona. Nileteeni wa kwenu aliyewahi kufanya hivyo." Wakaisoma, wakapokezana, wakaomba maji ya kunywa. Mwaka ule idadi ya meli ilipunguzwa.

Cheo hakikurudi. Mwaka 2018 alihamia hapa, na ziwa letu likapata mwangalizi wa bahari. Tunaingia mitumbwini na wavuvi, tunaandika nyavu ngapi, saa ngapi, perege wangapi, na siku ya patupu tunaandika patupu hata mvuvi akiona aibu. Sokoni amepigwa marufuku kusogelea meza ya Mama Twalha, muuza samaki, kwani kila akitoa rula kupima perege, wateja huhamia meza ya pili. Mama huyo ameniomba niandike kwamba yeye ndiye anayefurahia kustaafu huku kuliko wote.

Jambo la mwisho. Kamati iliniagiza kwamba juu ya jalada la ratiba ya sherehe yenye wasifu huu niandike "Mwangalizi Mkuu", kwa heshima tu, maana kuna wageni kutoka mkoani. Nikaandika. Mstaafu akaomba aisome kabla haijachapwa. Akatoa kalamu, akalikata neno "Mkuu" kwa mstari mmoja ulionyooka, akanirudishia karatasi. Kwa hiyo mgeni rasmi akilitamka kwa bahati mbaya, tunaomba msipige makofi mpaka arekebishe.

Baba Noela, ahsante kwa kazi. Kalime shamba lako la Nakwa, mvua ije kwa wakati, na wewe na Mama Noela mle uzee wenu mkiwa na afya na wajukuu wa kuwasumbua. Sisi vibarua hatustaafu, tunachakaa tu. Ukichoka kukaa nyumbani, nafasi mtumbwini ipo.