Jinsi Jina la Dekka Lilivyoingia Mkuyuni

Nasra, niongezee mto mgongoni, kisha ukae chini na wenzako. Sabra dada yangu, sogea karibu, masikio yetu sote wawili yamechakaa. Luqmani, mpwa wangu, usikae mlangoni kama mgeni. Twalibu, zima simu. Namshukuru kwanza Mwenyezi Mungu aliyenipa miaka themanini na saba na akaniachia akili mpaka asubuhi ya leo. Nikikohoa ningojeni, msinimalizie maneno.

Naanza na vitu, maana ndivyo vinavyogombanisha watu. Ardhi hii tunayokaa si yangu, ni ya ukoo wa mama yangu, kwa hiyo inabaki kwa Sabra na wanawe kama ilivyo desturi yetu Waluguru, na ninyi wanangu mna ardhi yenu upande wa mama yenu. Lakini mikarafuu na midalasini ya bondeni niliipanda kwa mikono hii, na mti ni wa aliyeupanda, basi nawaachia Twalibu na Nasra, mvune kwa adabu, msikanyage mihogo ya shangazi yenu. Vifaa vyangu vya kuezekea ni vya Luqmani, kwa sababu katika ninyi nyote ndiye pekee anayepanda juu ya paa bila kutetemeka magoti. Hayo yamekwisha, na asizuke mtu kesho kusema mzee aliniambia hivi pembeni.

Lililobaki ni jina, na hilo ndilo lililonifanya niwaite.

Twalibu, najua una karatasi ya wakili katika mfuko wa koti. Ulipokwenda kushughulikia pasi ya Hija, karani alikuuliza mara tatu Dekka ni kabila gani, na watu wa kwenye foleni wakaitazama rangi yako ya maji ya kunde wakacheka. Ukarudi na lile neno ambalo Kibwana wa kule juu amelitembeza miaka sitini, kwamba baba yako ni mtoto wa Mzungu wa misheni. Sasa unataka kulifuta jina, kwako na kwa watoto wako. Wewe ni mtu mzima, sitakufunga mikono, lakini huwezi kutupa mzigo ambao hujaufungua ukaona una nini ndani. Nisikilize, kisha karatasi yako uifanye utakavyo.

Huyo Mzungu, Bruda Dekka, hakuwa padri, alikuwa mtawa na fundi, ametoka Uholanzi kuja kujenga misheni huko mlimani. Alipofika mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimekwisha kutahiriwa na nimekwisha kuhitimu Kurani, kwa hiyo Kibwana atafute mtoto mwingine wa kumzushia. Mwaka huo baba alikuwa ameshafariki, na mjomba, kaka pekee wa mama, naye ameshafariki, na masika ikaja ikang'oa paa letu lote. Kwetu paa la dada ni kazi ya kaka yake. Mama hakuwa na kaka, tukakaa siku tatu tumejifunika mikeka, na majirani wanatuonea huruma kwa mbali. Bruda akapita njiani na punda wake, akatuona, hakuuliza dini wala kabila, akavua viatu akapanda. Siku mbili alifunga fito na nyasi, mimi namrushia kamba, naye ananionyesha jinsi ya kulipa paa mwinamo mkali ili mvua ya Uluguru iteremke haraka. Alipomaliza, mama akamwambia mbele ya watu, "Kazi hii ni ya kaka. Tangu leo wewe ni kaka yangu." Basi anayesema Bruda alinizaa anasema mama yangu alilala na kaka yake, na tusi hilo silitaki ndani ya nyumba hii, hata kwa mzaha.

Wazee nao wakamuuliza, kama anavyoulizwa kila anayepokewa katika ukoo, wenye jina lake mwiko wao ni nini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea misumari. Akadhani anaulizwa chakula gani hakimpendezi, akasema bamia. Mnajua wenyewe kwamba katika nyumba hii bamia haijapikwa tangu kabla ya Uhuru, na mama yenu, Mungu amrehemu, alikuwa akiipenda sana, akaiacha kwa heshima.

Miaka mitano baadaye homa ikamchukua Bruda. Mapadri walimzika kwa dini yake, na sisi tulisimama nyuma. Lakini kwetu mtu hazikwi na jina lake, ni lazima mpwa wake, mtoto wa dada yake, aketi mkekani kulirithi, la sivyo marehemu anabaki kama mtu asiyekuwa na kwao. Wazee walibishana sana, mwisho mwalimu wangu wa madrasa akasema jina halimgeuzi mtu kibla. Siku ya arobaini wakanikalisha mkekani, wakanifunika shuka nyeupe, watani wakanipaka unga na kunidai misumari, kisha watu wakaja mmoja mmoja kuniamkia kwa jina lake. Wa kwanza alikuwa mama. Alipiga magoti mbele ya mwanawe wa miaka ishirini akasema, "Shikamoo, kaka Dekka." Nililia mbele ya watu wazima, wala sikuona haya. Mpaka anaingia kaburini mama hakuniita tena Stambuli.

Kwa hiyo, Twalibu, jina hili hatukupewa kwa ubatizo, wala kwa utumwa, wala kwa damu. Tulilitaka sisi wenyewe, tukalitandikia mkeka.

Kuna jambo lilinipata mwezi uliopita, na wewe ulikuwepo. Miaka yote nilidhani Dekka ni jina la nyumba moja kubwa huko kwao, nyumba ya machifu, na nimetembea nalo mabega juu. Furaha binti yako akaja kutoka chuo, akafungua simu, akanisomea kwamba huko Uholanzi wenye jina hilo ni zaidi ya elfu ishirini, ni jina la kawaida kabisa, kama Juma kwetu, halina chifu wala mwiko. Ukacheka, mwanangu. Sitakuficha, iliniuma. Kisha mtoto akasoma maana yake. Zamani huko watu waliitwa kwa kazi zao, na Dekka ni mtu anayefunika nyumba, mwezekaji. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Mimi nimeezeka kwa nyasi, nikaezeka kwa bati, kutoka hapa Mkuyuni mpaka Mikese, misikiti minne na kanisa moja, na hakuna paa langu lililong'oka. Kumbe miaka yote nilipoitwa nilikuwa naitwa kwa kazi yangu. Sikuwahi kuona fahari kama ile, hata siku ya harusi yangu, na mama yenu anisamehe. Acha wawe elfu ishirini, wawe hata laki. Wote hao wametokana na watu waliopanda juu ili wengine walale pakavu, na sisi wa Mkuyuni ni wenzao. Na bamia hatuli. Kama kwao si mwiko, kwetu sasa ni mwiko.

Maji kidogo, Nasra. Basi, yanatosha.

Mnizike siku hiyo hiyo, msingoje watu wa Dar. Kibwana nimemsamehe, aje msibani, ale, ila asipewe nafasi ya kusema. Siku ya arobaini Luqmani aketi mkekani. Nanyi wanangu mtamwita baba kama inavyopasa, hata wewe Twalibu uliyemzidi miaka tisa. Ile karatasi... sikulaani kwa ajili yake. Ukiitia sahihi bado ni mwanangu, na karafuu zako ni zako. Lakini siku hiyo mtu huamkiwa kwa jina, na mimi sitakuwepo kukuambia useme nini.

Pumzi inakuwa fupi. Mungu awasitiri, awape uzee mwema na watoto wema, asimwache mmoja wenu kulala nje. Sasa kila mtu anitajie jina lake, lote, nijue nimewaacha akina nani.

Nasra... vizuri, mama. Luqmani... nimesikia, na lako litaongezeka.

Twalibu. Usilie, sema tu. Twalibu Stambuli... ndiyo... endelea, mwanangu, nakungoja.

Nimelisikia. Lote.