Maisha ya Marehemu Mama Mkubwa, Tabibu wa Samaki wa Maji ya Chumvi

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkubwa, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1966 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mdogo wake alimfuata miaka mitano baadaye, akakuta sifa zote zimeshachukuliwa.

Alisoma hadi darasa la saba, akaongoza. Mwaka 1987 aliajiriwa kufagia duka la samaki wa mapambo. Kufikia 1994 yeye ndiye aliyewatibu. Alivuta kiti mbele ya tangi, akatazama mapezi kabla ya kugusa chupa yoyote. Pezi lenye ukingo mweupe unaolika kidogo kidogo, alisema, linaoza: mhamishie samaki kwenye tangi la wagonjwa, ndipo utie dawa. Pezi lililochanika safi, kang'atwa na mwenzake: mtenganishe tu, litaota.

Aliolewa 1992 na fundi vioo, aliyefariki 2005. Hawakujaliwa mtoto. Binti wa mdogo wake alishinda kwake kila alipotoka shule, na nyumbani ikawa "Mama Mkubwa kasema" asubuhi na jioni. Wivu ulimla mdogo mtu. Siku moja ya Oktoba 2014, akiwa ameachiwa funguo za nyumba ya dada yake, aliona samaki mmoja mkia umechanika, akataka binti amkute ameshamtibu. Akamimina dawa ya shaba kwenye tangi kubwa. Samaki yule alikuwa ameng'atwa tu, lakini shaba huua kamba, na kamba wote kumi na mmoja aliowalea binti walikufa. Binti alipouliza huku analia, marehemu alitazama chupa, akamtazama mdogo wake, akasema, "Ni mimi, mwanangu. Nimekosea dawa." Binti hakukanyaga pale wiki tatu. Wiki ya kwanza, mdogo mtu alifurahi.

Januari 2025 figo zilianza kumsumbua marehemu. Binti ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Mama yake alikaa kwenye benchi la nje, akisikiliza mgonjwa anamwita nani. Mwishowe alimwomba dada yake ruhusa ya kumwambia binti ukweli.

"Mwambie nikishaondoka," marehemu alijibu. "Sasa hivi atakugombeza, nami itabidi nikutetee, na nguvu sina."

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi.

Ameacha mdogo mmoja, ndiye anayewasomea haya, matangi matatu, na binti mmoja, ambaye leo ndipo anaposikia kwamba aliyewaua kamba wake ni mama yake mzazi. Marehemu hakuwa na kosa. Alale kwa amani.