Moto Ulipokomea kwa Mama Mkwe

Ndugu zangu wanajumuiya, na ninyi wageni wetu mliotoka Bukoba mjini, wa Rwamishenye, Kahororo na kwingineko, nimepewa nafasi niseme yaliyonipata mlimani. Mke wangu ameniambia nisirefushe. Mnanijua, kwa hiyo kaeni vizuri.

Kwa asiyenifahamu, mimi huongoza watu wanaokuja hapa Muleba kupanda kilima chetu na kuliona ziwa kutoka juu. Natangulia na fimbo yangu, wao wananifuata wakihema. Njia ile tuliitengeneza wenyewe, kikundi chetu. Penye mwinuko mkali tuliweka ngazi za magogo, kwenye kijito daraja la miti, na juu kabisa benchi la kupumzikia. Walikuja Wazungu, wakaja vijana wa mjini na spika zao na soda zao. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa na kitambi pia, ingawa napanda mlima kila wiki, na hilo msiniulize.

Wageni walipenda sana nyasi. Mnazijua nyasi za rweya yetu, ile mbuga isiyolimwa, kabla kiangazi hakijakolea, zinafika kifuani na upepo unazilaza huku na huku. Kila mgeni alitaka picha humo. Basi kikundi kikapitisha sheria: hakuna kukata nyasi kandokando ya njia. Kina mama waliozoea kukata pale nyasi za kutandaza kwenye migomba wakaambiwa waende mbali. Walinuna, na walikuwa na haki ya kununa. Mlinzi wa sheria hiyo nikawekwa mimi.

Sasa sikieni balaa. Asubuhi moja nakagua njia peke yangu, naona chini ya jabali la karibu na kilele mama ameinama, mundu unafanya kazi, nyasi zinalala. Nikajiandaa kufoka. Akajinyoosha kidogo, nikakitambua kitenge. Mawe, mama yangu wee! Ni mama mkwe wangu!

Niambieni ninyi mliooa huku kwetu, ningefanyaje? Mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Nikimwona barabarani naingia migombani, naye anajifunika khanga. Nimekaa na binti yake miaka mingi, na mpaka hapo sauti yake niliijua kuliko sura yake. Leo nimsimamie mbele nimwambie, "Wewe mama, toka hapa"? Nikageuka, nikakohoa kwa mbali ili ajue nimepita, nikashuka. Wenzangu waliponiuliza nikasema njia iko salama.

Mama mkwe si mjinga. Alielewa kwamba mlinzi amefungwa mdomo. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Kipande kile kikapanuka, kikawa cheupe, ungeweza kufunga turubai la harusi pale. Nami kila nikifika nakohoa, nageuka. Mnacheka? Mimi nilikuwa silali, nikiwaza siku kikundi kitakapogundua.

Kiangazi kile kilikuwa kikavu kweli. Mchana mmoja niko juu na familia kutoka mjini, baba, mama na shangazi yao aliyepanda mlima na viatu vya kanisani. Ng'ambo ya bonde mtu fulani, simtaji na msimtafute, alikuwa amechoma nyasi ili ng'ombe wake wapate majani mapya. Upepo ukageuka. Kwanza tukaona moshi, kisha tukausikia moto wenyewe ukipanda, unakwenda mbio kuliko mtu. Ngazi zetu za magogo, tegemeo letu la kushukia, zilikuwa zinawaka tayari.

Ndugu zangu, nawaambia, akili ilisimama. Yule baba akaniuliza, "Kiongozi, tunapita wapi?" Fimbo nilikuwa nayo mkononi, lakini ya kuelekeza wapi?

Hapo nikasikia mtu anaita kutoka chini ya jabali, "Huku! Huku kweupe!" Sauti ile naijua. Nikamshika shangazi mkono, tukateleza kwenye jabali wote mpaka kwenye kile kipande kilichokatwa. Mama mkwe alikuwa katikati, mzigo wake wa nyasi ameshautupa mbali uungue peke yake. Wageni wakaingia. Mimi nikasimama ukingoni. Naam, msinitazame hivyo! Moto nyuma yangu, mama mkwe mbele yangu, nami nafikiria adabu.

Akanipigia kelele, "Ingia, mwanangu! Adabu utaifanya kesho!"

Nikaingia. Tulilala kifudifudi, khanga na mashati usoni. Moto ulipita kulia, ukapita kushoto, ulipofika kwetu ukakosa cha kula. Tulipoinuka hakuna aliyeungua, ila nyusi zangu ziliondoka, na shangazi alibaki na kiatu kimoja.

Kumbe kazi ilikuwa bado. Ngazi majivu, daraja majivu, benchi majivu. Mvua zilipoanza, udongo ukaporomokea njiani. Wageni wakapiga simu kuahirisha, wakaenda zao ufukweni. Serikali ya kijiji ikatuambia wazi: vuli ikiisha na njia bado haipitiki, kilima kitapandwa misonobari, na habari ya kutembeza watu iishe.

Na mimi niliyetakiwa kutangulia nilikuwa nimekwisha. Mke wangu akiwasha kuni, natoka nje. Kikundi kikiniita kazini nasema mgongo unauma. Mgongo ulikuwa mzima kabisa. Niliogopa, ndugu zangu, niliogopa kama mtoto, na niliona aibu kusema.

Siku moja mama mkwe akaja nyumbani. Akakaa nyuma, upande wa jikoni. Mimi niko sebuleni, mke wangu mlangoni katikati.

"Mwambie mumeo," akasema, "siku ile alinifuata, akapona. Kesho anifuate tena."

"Mama anasema..." mke wangu akaanza.

"Nimesikia."

"Subiri nimalize kukuambia!"

Mama akaendelea, na kila neno likipita mlangoni. Kina mama wako tayari kubeba mawe, ngazi ziwe za mawe. Lakini kila mwaka kabla ya kiangazi watakata nyasi pande zote mbili za njia, ukanda mpana, na nyasi hizo ni zao, ziende kwenye vibanja vyao vya migomba. Nikasema, "Mwambie mama, nimekubali." Kutoka jikoni ikaja, "Nimesikia," na mke wangu akatutukana wote wawili.

Kesho yake nilikwenda. Nilipofika penye masizi woga ukanirudia, nikakaa chini. Hakuna aliyenisema. Kina mama walipita na mawe kichwani, mmoja mmoja, wakinisalimia kana kwamba kukaa pale ndiyo kazi niliyopewa. Alipopita mama mkwe na jiwe lake, ameinamisha uso, nikashindwa kuendelea kukaa. Nikainuka, nikabeba la kwangu.

Vuli haijaisha, mwenyekiti wa kijiji akaipanda njia ile mwenyewe. Alifika juu hoi, akalitazama ziwa, akasema misonobari itafutiwe mahali pengine.

Na moto ulirudi, ndugu zangu. Kiangazi kilichopita, nikiwa na vijana wa mjini. Ulishuka mpaka kwenye ukanda uliokatwa, ukahangaika pale, ukazimika. Vijana walipiga picha. Mimi niliogopa bado, lakini niliwashusha wote kwa ngazi za mawe, nikiwa mbele.

Nawashukuru wenzangu wa kikundi waliofuta ile sheria bila kununa. Nawashukuru kina mama na miundu yao. Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kutunza kilima, uliza kwanza wanaokitumia kila siku. Na ukiogopa, sema unaogopa. Usiusingizie mgongo.

Mama mkwe wangu yupo, kajificha nyuma ya kina mama wa kwaya. Mke wangu, mwambie mama kwamba njia ile ipo kwa sababu yake, na mimi nipo kwa sababu yake. Mwambie namshukuru mbele ya watu.

Amesemaje?

Anasema nimerefusha. Kiangazi kinakaribia, na nyasi za upande wa bondeni bado hazijakatwa.