Asali ya Baba na Jibu Nililolitaka

Wenzangu wa sukari, nianze na jambo nililolikana kwa muda mrefu: mimi sikuwa napenda utafiti. Nilikuwa napenda asali. Daktari aliponiambia hivyo nilikasirika, nikamkumbusha kwamba nimesoma chuo kikuu na naandika makala. Leo nakubali mbele yenu. Utafiti niliung'ang'ania kama mtoto anavyong'ang'ania gauni la mama yake dukani, ili anunuliwe pipi.

Nyie mnaotoka Inyonga mtanielewa. Baba yangu ni mrina asali. Mizinga yake ya magome iko mbali porini, na wakati wa kurina anakaa kambini na wenzake mpaka nguo zote zinanuka moshi. Tangu nilipoolewa huku Mpanda, dumu la kwanza la msimu ni langu. Analipakia kwenye basi, kisha likishafika anapiga simu. Haulizi habari za nyumbani. Anasema, "Mama, fungua." Nafungua. "Onja." Naonja, simu ikiwa sikioni, naye kule ananyamaza akinisikiliza ninavyolamba vidole. Halafu anauliza, "Nyuki wamekula maua ya mti gani?" Nakisia. Mara nyingi nakosea, na nikikosea ndipo anapofurahi zaidi. Mama yangu alishafariki, na baba si mtu wa maneno. Mazungumzo yetu marefu kuliko yote kwa mwaka ndiyo hayo.

Basi nikapimwa, nikaambiwa nina kisukari. Nesi akanipa vidonge, akanitajia na vitu vya kuacha. Alipofika kwenye asali, niliacha kumsikiliza nikaanza kusoma kalenda iliyokuwa ukutani.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu, nikaingia mtandaoni. Ndugu zangu, nawaambia, mtandao ni mkarimu sana kwa mtu mwenye hamu. Niliandika, "faida za asali kwa mgonjwa wa kisukari." Zikaja faida. Kulikuwa na makala ya kitaalamu kabisa, yenye majedwali na orodha ya marejeo ndefu kiasi cha kunifanya nijione nimerudi maktaba ya chuo. Nikasoma kichwa cha habari, nikasoma muhtasari, nikasoma sentensi ya mwisho. Katikati niliruka. Katikati kulikuwa na Kiingereza kigumu, na mimi nilikuwa nimeshapata nilichokifuata.

Nikampigia baba. "Baba, wataalamu wamegundua asali ni dawa."

"Wamechelewa," akasema.

Nikaanza vijiko, asubuhi na jioni. Vidonge nikavipunguza, halafu nikaviacha kabisa, maana dawa mbili za nini? Mume wangu aliuliza mara moja. Nilimpa mhadhara, hakuuliza tena.

Mnajua wenyewe kilichofuata. Kiu isiyoisha. Macho yakawa kama kioo chenye mvuke. Kisha nikakanyaga mwiba shambani, huko Misunkumilo, mwiba mdogo wa kuchomoa kwa kucha. Kidonda kikakataa kupona, kikaanza kutoa harufu ambayo nyumba nzima iliisikia kabla yangu. Hospitalini walizungumzia kukata kidole. Baada ya muda wakawa wanazungumzia mguu.

Daktari wa wodi alikuwa Mfipa, mimi Mkonongo, na siku ya kwanza tu tulishaitana watani. Aliponiuliza kwa nini niliacha vidonge, nikamwonyesha ile makala kwenye simu, kama dereva anayemwonyesha trafiki leseni.

"Mtani, hii umeisoma?"

"Nimesoma chuo kikuu."

"Sikuuliza umesoma wapi. Hawa waliopewa asali ni akina nani?"

Ikabidi niende kule katikati nilikoruka. Nikakuta, nikaifunika simu kwa kiganja.

"Sema tu. Nyie Wakonongo hamjawahi kuona aibu kwenye asali."

"Panya," nikasema.

"Panya wa Inyonga?"

"Wa maabara."

Alicheka mpaka mama wa kitanda cha jirani akageuka kututazama. Kisha akavuta kiti, na kicheko kikaisha. Akaniuliza hao panya walilinganishwa na nani, walifuatiliwa kwa muda gani, na nani aliyelipia kazi yote. Majibu yalikuwa humo humo, yameandikwa waziwazi. Hakuna aliyenificha kitu. Waliolipia walikuwa wauza asali. Daktari akasema hilo peke yake halifanyi kazi iwe ya uongo, ila linakudai uitazame mara mbili.

"Na uliipataje?"

Nikamwonyesha yale maneno niliyoandika. Akayasoma polepole.

"Mtani, umeandika faida. Ungeandika madhara, ungeletewa madhara. Hapa hukuuliza swali. Uliagiza chakula."

Wenzangu, nimefundishwa na maprofesa, na sijui kama kuna aliyewahi kunivua nguo namna ile. Nililala nikitazama dari. Niliona kwamba sikudanganywa na mtu.

Daktari alinionyesha namna ya kutafuta kazi zinazokusanya tafiti nyingi za jambo moja, zilizofanywa kwa watu, zile zilizofaulu na zile zilizoshindwa, na kuzipima ubora. Nikazisoma kitandani, na katikati sikuruka. Kwanza nilitamani ziseme ndiyo. Baadaye nikatamani ziseme hapana, angalau nipate wa kumchukia. Hazikusema lolote kati ya hayo. Zilisema tafiti nyingi ni ndogo, zinapishana, ushahidi hautoshi. Na hakuna niliyoisoma iliyosema mtu aache vidonge. Nikalia. Mtu mwenye hamu ukimwambia "hatujui bado" ni kama umemwacha stendi na mzigo wake.

Nikarudi kwenye vidonge. Kidole kimoja kilibaki hospitalini, mguu nilirudi nao.

Namshukuru yule mtani. Namshukuru mume wangu, aliyeniosha kidonda bila kunirudishia ule mhadhara. Nawashukuru nyie mlioniletea uji usio na sukari; ulikuwa mbaya kwelikweli, Mungu awabariki. Na naomba msiuchukue ushuhuda huu kama dawa. Mimi ni mtu mmoja, sina tofauti kubwa na panya mmoja mwenye mdomo. Mkiletewa utafiti, ulizeni waliopimwa ni akina nani na nani kalipia. Lakini kabla ya hapo jiulizeni ninyi wenyewe mnatamani jibu lipi, kisha jibu hilo mlikague kuliko mengine yote.

Hamu haijaisha. Hata sasa moshi wa kuni mbichi ukinipitia, mate yananijaa. Tena msimu ulikaribia na baba nilikuwa sijamwambia. Niliogopa kwamba asali ikitoka katikati yetu, mimi na yeye hatutakuwa na la kuzungumza. Wiki iliyopita akapiga.

"Mama, kesho naingia porini."

"Baba, dumu langu usilitume."

Nikasikia kuku nyuma yake.

"Nani kakukataza?"

"Nimesoma, baba."

"Mwaka jana ulisoma ukasema ni dawa."

"Nilisoma vibaya."

Nikamsikia akifukuza kuku.

"Na hao uliowasoma vizuri, wamekataza na kuja nyumbani?"

"Hapana, baba. Hilo hawajalifanyia utafiti."

"Basi njoo," akasema. "Siingii porini mpaka ufike."