Kwaheri Mwizi wa Mua, Uliyetuibia Mvua Miaka Ishirini na Miwili

Mwizi wa Mua, adui mkuu wa Voi na vitongoji vyake, anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba 1986. Ametumikia uovu miaka ishirini na miwili na nusu, bila kuomba likizo na bila kuugua hata siku moja. Wengi wetu hapa karakana ya reli hatuwezi kujisemea hivyo, hasa tukikumbuka tunavyougua Jumatatu.

Wageni wa leo wasihangaike kumtafuta kwenye viti. Mstaafu wetu si mtu wa kugongana naye njiani, ni mtu wa wino. Anaishi ukurasa wa mwisho wa Filimbi, jarida letu la wafanyakazi, ambako Mzee Elijah Mwandawiro, mpaka rangi wa mabehewa, amemchora karibu kila mwezi tangu Juni 1964. Mzee Elijah naye anastaafu siku hiyo hiyo, lakini sifa zake zitasomwa na wakubwa waliovaa tai. Sisi tumeachiwa mwovu, na tumeridhika.

Alizaliwa kwa makosa. Elijah alikusudia aitwe Mwizi wa Mvua: jitu la joho jeusi, miwani ya fundi wa kuchomelea, na mashine ya kuvuta mawingu. Linayakunja mawingu ya Voi kama blanketi, linayashindilia kwenye magunia, linayapandisha milimani Werugha. Ndiyo sababu, kwa hesabu za Elijah, wenzetu huko juu wana ukungu na kabichi, na sisi tuna vumbi. Sasa mkata stensili za kuchapia jarida, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa ndiye anayeandika haya na shule aliiaga darasa la nne, akaruka herufi moja. Nakala mia na arobaini zilikuwa zimeshapanda treni ya Taveta ndipo mtu akasoma vizuri: MWIZI WA MUA.

Karakana ilicheka mpaka nyundo zikanyamaza. Musyimi, fundi wa boila, alisimama juu ya sanduku la misumari na jarida lake mkononi. "Jamani, joho lote hilo, mashine yote hiyo, ni mua tu? Si angeomba!"

Mkata stensili alishinda chooni mpaka saa kumi. Elijah hakumfuata wala hakumtaja kwa mtu. Alichukua penseli, akamtia yule mwovu kipande cha mua mkononi, na tangu siku hiyo hajauachilia.

Kosa hilo ndilo lililompa Mwizi kazi ya kudumu. Hawezi kuiba wingu kabla hajaiba mua, na hawezi kutafuna mua bila kutema makapi. Basi Mama Debe, shujaa wetu, hufuata makapi hayo kutoka sokoni mpaka mlimani, humkuta Mwizi amelala na sukari mdomoni, humwaibisha, kisha huteremka na mvua yetu kichwani. Bahati mbaya debe lenyewe linavuja, kwa hivyo Voi hufika matone. Sura ya Mama Debe ni ya Wayua, muuza uji wa langoni petu. Asiyeamini atazame anavyoshika kiuno mtu akisema uji ni mwepesi.

Utumishi wa Mwizi haukukosa misukosuko. Mwaka 1969 bwana mmoja wa Werugha, Fanuel, alituandikia barua ya kurasa tatu: "Sisi si watu wa kupokea mali ya wizi. Ukungu wetu ni halali, tumeukuta." Tuliichapisha yote, na mwezi uliofuata Mwizi akachorwa akimwomba radhi huku akimwibia kabichi. Mwaka 1973 alijaribu kuhamisha mifereji ya mashamba ya Mboghoni, kule Taveta, kwa kuikunja kama kamba. Alizama kwenye tope, akaliwa na mbu kurasa mbili nzima.

Halafu ukaja mwaka 1984, na mzaha ukachacha. Mvua iligoma kweli. Mtaani Kaloleni watu walipanga mitungi kwenye mfereji wa bomba tangu alfajiri, na mfereji wenyewe ulikuwa unakohoa tu. Elijah aliona haya, akauacha ukurasa wake mtupu miezi miwili. Wa tatu, Wayua alimfuata Elijah chumba cha stensili na mwiko wake wa uji.

"Baba Lois, Mwizi yuko wapi?"

"Nimempumzisha, mama. Watu wana kiu, nitawachekesha na kiu yao?"

"Nani kakwambia tunataka kucheka? Tunataka mtu wa kutukana! Jana nusura nimvunjie jirani yangu mtungi. Mrudishe huyo mlafi nimtukane yeye."

Alirudi. Ukurasa wake ulibandikwa pale mferejini, na foleni nzima ilimtukana kwa Kidawida, Kikamba na Kiswahili cha pwani, ikamaliza matusi, ikateka maji kwa zamu. Hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya.

Kwa hivyo mhariri wetu mpya, kijana Kombo, alipotaka katika ukurasa wa kuaga Mwizi anyongwe, alipata kazi ya kujieleza. "Mwovu hana budi alipwe, wazee wangu," alisema kwa adabu zote. "Watoto wetu wanasoma."

Wayua, ambaye hakualikwa mkutanoni, alijibu kutoka dirishani. "Mnyongeni, mwanangu. Halafu mvua ikigoma tena, nije nikutukane wewe?"

Kombo akaomba kikombe cha uji. Mwizi akapona.

Elijah, ambaye siku hizi macho yake yanamsumbua, alichora polepole wiki tatu. Mwizi anamrudishia Mama Debe magunia yote isipokuwa moja, anapanda treni kwenda Mboghoni, mahali pa miwa inayonyweshwa na mifereji, isiyongoja wingu la mtu. Mkata stensili naye aliona huu ndio wakati wa kulipa deni lake. Akakata herufi zote, moja moja, bila kuruka: MWIZI WA MVUA.

Mzee asiyeona uzi kwenye sindano aliiona ile V kutoka mlangoni.

"Huyu ni nani?"

"Si ndiye wako, Mzee? Nimekurudishia jina lake."

"Simjui. Mrudishe wangu." Akachukua dawa ya kufutia, akaiziba ile V kwa mkono wake mwenyewe.

Basi unaondoka na kosa lako, Mwizi wa Mua, na aliyekukosea anakushukuru. Meno yako yadumu, miwa ikulainikie, na mbu wa Mboghoni wakusamehe safari hii. Lile gunia moja tumeliona ulivyolificha chini ya joho. Kaa nalo. Voi ikikauka tena, tutajua wa kumtukana.